Kusoma Jengo: Nyumba ya Stesheni kama Zana ya Kufundishia

Zana bora ya kufundishia haitoki dukani sikuzote. Mara nyingi imesimama nje ya shule, na wanafunzi huipita asubuhi na jioni bila kuulizwa lolote juu yake. Makala hii inakusudia kueleza jinsi mwalimu wa shule ya msingi anavyoweza kulitumia jengo la kale kufundishia historia, jiografia, hisabati na lugha. Jengo lililochaguliwa ni nyumba ya stesheni ya reli, na mfano wetu mkuu ni stesheni ya Kigoma, mwisho wa Reli ya Kati.

Wazo linaloongoza makala hii ni jepesi: jengo ni jibu. Kila ukuta, kila mlango na kila dirisha liliwekwa pale lilipo kwa sababu mtu fulani alikuwa na haja fulani. Kazi ya mwalimu ni kumsaidia mtoto atafute swali ambalo jengo lile linajibu.

KWA NINI NYUMBA YA STESHENI?

Zipo sababu tatu. Kwanza, katika miji mingi iliyo kando ya reli, stesheni ni miongoni mwa majengo ya kale kuliko yote yaliyobaki. Pili, ni jengo la umma. Mtoto wa mkulima na mtoto wa karani wana haki sawa ya kulitazama. Tatu, kazi yake inaeleweka kwa mtoto. Si rahisi kumweleza mtoto wa darasa la nne kazi za boma la mkuu wa wilaya, lakini kila mtoto anaelewa maana ya kukata tiketi, kungoja, kupanda, kushuka, kupokea mgeni na kuaga.

Katika kukagua mazoezi ya kufundisha, nimesikia mara nyingi somo la reli likiendeshwa kwa namna moja. Mwalimu huandika ubaoni kwamba Wajerumani walijenga reli, hutaja miaka, wanafunzi hunakili, kisha kengele hulia. Maneno yale ni ya kweli kwa kiasi chake, lakini mtoto hakupewa kitu cha kufikiri. Zaidi ya hayo, sentensi "Wajerumani walijenga reli" huwaficha maelfu ya watu waliochimba tuta, wakabeba mataruma na kupasua mawe. Mtoto ambaye babu yake mkuu alikuwa mmoja wa watu hao hutoka darasani akiamini kwamba historia ya mji wake ilifanywa na wageni, na jamaa zake walikuwa watazamaji tu. Hilo ndilo jambo tunalotaka kulirekebisha, na jengo lenyewe litatusaidia.

ASILI YA NYUMBA YA STESHENI

Kabla ya kuitazama stesheni ya Kigoma, inafaa mwalimu ajue jengo la namna hii lilianzaje, maana baadhi ya mambo yanayoonekana katika stesheni zetu yana asili katika stesheni za mwanzo kabisa.

Tarehe 15 Septemba 1830 ilifunguliwa reli kati ya miji ya Liverpool na Manchester, nchini Uingereza. Ilikuwa miongoni mwa reli za kwanza duniani kusafirisha abiria kati ya mji na mji kwa ratiba na kwa injini za mvuke. Stesheni yake ya Manchester ingali imesimama, nayo huhesabiwa kuwa nyumba ya stesheni ya kale kuliko zote zilizobaki. Wajenzi wake walikabiliwa na tatizo geni: jengo la namna ile halijapata kuwako, kwa hiyo hapakuwa na mfano wa kuiga. Wakaamua kuiga nyumba za watu wenye nafasi wa mjini mwao. Aliyesimama barabarani aliona ukuta mzuri wenye madirisha yaliyopangwa sawasawa, mithili ya nyumba ya mfanyabiashara. Reli ilipita upande wa nyuma, katika kimo cha ghorofa; hivyo abiria aliingia kwa chini, akakata tiketi, kisha akapanda ngazi kwenda kungojea gari.

Lakini jambo la kukumbukwa zaidi ni milango. Abiria wa daraja la kwanza walikuwa na mlango wao, ukumbi wao wa tiketi na ngazi zao. Abiria wa daraja la pili walikuwa na vyao, mbali kidogo. Tangu mwanzo, basi, nyumba ya stesheni ilifanya kazi mbili: kuwapitisha watu na kuwatenga.

Stesheni ile iliacha kupokea abiria mwaka 1844, ikawa mahali pa mizigo kwa zaidi ya miaka mia moja, na tangu 1983 ni sehemu ya jumba la makumbusho. Mtindo wa kuwagawa watu kwa milango, hata hivyo, ulisafiri pamoja na reli hadi makoloni. Huku Afrika Mashariki madaraja ya abiria katika enzi ya ukoloni yalifuata kwa desturi rangi za watu: Wazungu daraja la kwanza, Waasia la pili, Waafrika la tatu. Mwalimu akilijua hilo, atajua pia la kutafuta katika stesheni iliyo jirani na shule yake.

RELI YA KATI NA STESHENI YA KIGOMA

Ujenzi wa Reli ya Kati ulianza Dar es Salaam mwaka 1905. Reli ilifika Morogoro 1907, Tabora 1912, na Kigoma mwezi Februari 1914. Urefu wake ni zaidi ya kilomita 1,250, na upana kati ya vyuma vyake viwili ni mita moja. Kwa sehemu kubwa ilifuata njia ya misafara ya kale, iliyotoka pwani kupitia Tabora hadi Ujiji. Wanyamwezi, ambao kwa muda mrefu walikuwa mashuhuri kwa kazi ya upagazi katika njia ile, walikuwa pia miongoni mwa wafanyakazi wengi wa kuijenga reli iliyokuja kuumaliza upagazi wao.

Mwanafunzi mwerevu atauliza: kwa nini reli iliishia Kigoma na si Ujiji, mji uliokuwa maarufu tangu zamani? Jibu limo katika jiografia. Kigoma ina ghuba yenye kina, iliyokingwa na upepo, ambamo meli zinaweza kutia nanga salama. Reli haikutafuta mji, ilitafuta bandari. Wajerumani walikusudia kuvuta biashara ya mashariki ya Kongo ipite kwao kwenda pwani. Wabelgiji nao hawakukaa kimya: reli yao ilifika ng'ambo ya pili ya Ziwa Tanganyika, mahali paitwapo sasa Kalemie, mwaka 1915. Ziwa likawa na reli mbili zilizotazamana.

Nyumba ya stesheni ya Kigoma ni jengo la ghorofa, lenye kuta nene na matao, lililosimama mwisho wa barabara kuu ya mji inayoteremka kutoka mlimani. Mtu ashukaye barabara ile hulitazama jengo hilo uso kwa uso. Kwa mji ulivyokuwa mdogo mwaka 1914, jengo lile lilikuwa kubwa kupita haja ya tiketi na vifurushi. Ukubwa huo nao ni jibu la swali, kama tutakavyoona.

Miezi michache baada ya reli kufika, Vita Kuu ya Kwanza ilianza. Meli iliyoundwa Ujerumani mwaka 1913, ikaitwa Graf von Götzen, ilivunjwa vipande vipande, ikasafirishwa kwa bahari hadi Dar es Salaam, kisha kwa reli hadi Kigoma, ikaunganishwa upya na kushushwa ziwani Februari 1915. Mwaka 1916 Wajerumani waliizamisha wenyewe walipokimbia majeshi ya Kibelgiji. Iliibuliwa mwaka 1924, na mwaka 1927 ikaanza tena safari kwa jina la Liemba. Mkataba wa mwaka 1921 uliwapa Wabelgiji sehemu maalumu za bandari katika Kigoma na Dar es Salaam, ili mizigo ya Kongo, Rwanda na Burundi ipite. Hivyo stesheni moja imekuwa mlango wa nchi nne.

MASWALI MATANO YA KUSOMA JENGO

Mwanafunzi akipelekwa mbele ya jengo na kuambiwa "tazama", hataona kitu. Macho huongozwa na swali. Yafuatayo ni maswali matano ambayo mwalimu anaweza kuyatumia kwa mfuatano huu katika stesheni yoyote.

(a) Kazi gani ilifanyika hapa?

Anza na kazi, kwa sababu ndiyo iliyoamua umbo. Waambie wanafunzi wafuate safari ya abiria mmoja: anaingia wapi, anakata tiketi dirisha gani, anangoja wapi, anatokea wapi kwenda kupanda gari. Kisha wafuate safari ya mzigo, ambayo mara nyingi ina mlango mpana zaidi na njia fupi zaidi. Mwisho wafuate macho ya mkuu wa stesheni: akiwa ofisini mwake, anaona nini?

Swali hili la mwisho lina uzito. Katika reli ya njia moja, magari mawili yakikutana uso kwa uso ni maafa. Kwa hiyo magari hupishana stesheni tu, penye njia ya pili ya pembeni, na dereva haruhusiwi kuondoka mpaka apewe kibali cha kuingia sehemu inayofuata. Mkuu wa stesheni ndiye mtoaji wa kibali hicho, naye hana budi kuiona njia. Ndiyo maana ofisi yake hukaa upande wa reli, na mara nyingi dirisha lake limetokeza nje au limepanuliwa ili aone kulia na kushoto. Mtoto akisimama dirishani pale ataelewa usalama wa reli kuliko kwa maelezo ya saa nzima.

Watafute pia tangi la maji au misingi yake. Injini ya mvuke ilikuwa na kiu. Bila maji haikwenda. Katika sehemu kavu za nchi, mahali pa kuweka stesheni palitegemea sana mahali pa kupata maji, na miji mingine ilikua kwa sababu hiyo.

(b) Ilijengwa kwa ajili ya nani?

Hapa ndipo milango inapozungumza. Wanafunzi wahesabu milango na kuipima upana. Wapi kuna kivuli, na wapi watu walingoja juani? Je, kuna chumba cha kungojea chenye madirisha makubwa na kingine kidogo? Wapi palikuwa na viti? Hata pale ambapo vibao vya madaraja vimekwisha kuondolewa, kuta zimebaki na kumbukumbu. Katika stesheni nyingi za enzi ya ukoloni, ukimpima abiria wa daraja la tatu kwa nafasi aliyopewa chini ya paa, utajua jinsi alivyothaminiwa.

Swali hili linahusu pia ukubwa wa jengo. Stesheni ya Kigoma ilitazama mji upande mmoja na ziwa upande mwingine, na ng'ambo ya ziwa kulikuwa na dola nyingine. Jengo la namna ile lilikuwa pia tangazo: liliwaambia wenyeji na majirani kwamba mwenye reli amekuja kukaa. Wanafunzi watambue kwamba tangazo hilo lilidumu kidogo sana. Waliolijenga jengo walikaa nalo kwa muda wa miaka miwili na nusu hivi tu.

(c) Lilijengwa kwa vitu gani?

Hapa fundisha kwamba vifaa huamua umbo. Katika miji ya kale ya pwani ya Waswahili, nyumba za mawe ya matumbawe na chokaa zilikuwa na vyumba virefu vyembamba, kwa sababu dari zilibebwa na boriti za mikoko, na boriti haikuweza kuvuka upana wa zaidi ya mita tatu hivi. Mwenye nyumba angekuwa tajiri namna gani, chumba chake hakikuzidi urefu wa mti.

Mjenzi wa stesheni alikuwa na tatizo kama hilo. Alitaka baraza pana, yenye nafasi wazi za watu kupita, lakini miti huliwa na mchwa, na chuma kilipaswa kuletwa kwa meli kutoka mbali. Tao lilikuwa jawabu. Katika tao kila jiwe au tofali humwegemea mwenzake, na uzito wa juu hugeuka kuwa msukumo unaoteremka pande mbili hadi kwenye nguzo. Wakati wa kujenga, mafundi huweka kwanza fremu ya mbao yenye umbo la nusu duara, hupanga mawe juu yake kutoka pande mbili, na jiwe la katikati likishaingia fremu huondolewa na tao hujisimamia. Wanafunzi wanaweza kulionyesha jambo hili kwa miili yao: wawili wasimame wakitazamana, washikane viganja juu ya vichwa, kila mmoja aegemee mbele. Mmoja akijitoa, mwingine huanguka. Hawatalisahau tao tena.

Kadhalika wachunguze namna jengo linavyopambana na joto. Ukuta mnene huchelewa kupata moto mchana. Baraza huzuia jua lisiupige ukuta wa chumba. Dari ya juu huacha hewa ya moto ipande mbali na vichwa vya watu. Ukingo mpana wa paa huzuia jua na mvua pamoja. Waulize: katika nyumba zenu mnafanya nini kuzuia joto? Majibu yataonyesha kwamba maarifa hayo hayakuletwa na gari moshi. Nyumba ya udongo yenye paa la nyasi ina ukuta mnene, ukingo mpana na baraza.

(d) Lilijengwa kwa mikono ya nani?

Hili ndilo swali linalosahauliwa, na ndilo lenye thamani kubwa kuliko yote. Wahandisi na kampuni za ujenzi walitoka Ujerumani, lakini tuta, mahandaki, madaraja na kuta ni kazi ya mikono ya Waafrika kwa maelfu. Serikali ya kikoloni ilianzisha kodi ya kibanda mwaka 1898, na baadaye ikadai ilipwe kwa fedha taslimu. Mtu ambaye shamba lake lilimlisha, lakini halikumpa rupia, alilazimika kutafuta kazi ya mshahara, na reli ilikuwa moja ya kazi hizo. Mwaka ule ule wa 1905 ulipoanza ujenzi wa reli ndipo vilipozuka Vita vya Maji Maji kusini. Mambo haya mawili yafundishwe pamoja, maana yalitoka katika utawala mmoja.

Jengo halina orodha ya majina ya waliolijenga, lakini lina alama zao. Wanafunzi watafute alama ya nyundo juu ya jiwe, mstari wa chokaa uliopigwa kwa kidole, tofali lililowekwa kwa ustadi pembeni mwa tao. Kila alama ni ya mtu. Mwalimu aseme wazi: fundi huyu alijua kazi yake.

(e) Nini kimebadilika?

Hakuna jengo la kale lililobaki kama lilivyojengwa. Mlango umezibwa, dirisha limepanuliwa, bati limechukua nafasi ya paa la mwanzo, rangi imepakwa juu ya rangi. Kila badiliko ni sura mpya ya historia. Wajerumani waliondoka, Wabelgiji na Waingereza wakaja, mwaka 1948 reli za Kenya, Uganda na Tanganyika ziliwekwa chini ya shirika moja la Afrika Mashariki, Jumuiya ilipovunjika mwaka 1977 Tanzania ikaunda shirika lake. Wanafunzi watazame vibao, herufi zilizochongwa na alama za mashirika ya zamani, wazipange kwa mfuatano wa miaka.

MPANGO WA KAZI

Kwa darasa la tano au la sita, kazi hii inahitaji vipindi vitatu au vinne.

Kabla ya ziara. Mwalimu aende peke yake kwanza, akajitambulishe kwa mkuu wa stesheni na kuomba ruhusa, pamoja na ruhusa ya kupiga picha kama anakusudia. Aulize saa za magari ili wanafunzi wasiwepo wakati wa msongamano. Darasani, awagawe wanafunzi katika makundi matano, kila kundi na swali lake. Sheria ya usalama iwe moja na isiwe na mjadala: hakuna anayeshuka relini.

Wakati wa ziara. Kila kundi liwe na kamba yenye mafundo kila nusu mita, karatasi na penseli. Kila mwanafunzi achore daftarini safu tatu: "nilichokiona", "ninachokisia" na "ninachotaka kuuliza". Safu hizi ndizo moyo wa njia hii, kwa sababu humfundisha mtoto kutofautisha ushahidi na dhana. "Mlango huu ni mpana kuliko ule" ni cha kuonwa. "Huenda ulikuwa wa mizigo" ni cha kukisiwa.

Kimo cha jengo kipimwe kwa kivuli. Simika kijiti cha mita moja wima. Tuseme kivuli chake ni sentimita 80. Kama wakati huo huo kivuli cha jengo ni mita 8, basi jengo lina kimo cha mita 10. Hesabu ya uwiano, ambayo ubaoni huwachosha wengi, hapa huwa na maana.

Baada ya ziara. Kila kundi lichore ramani ya jengo kwa skeli na kutoa maelezo mbele ya darasa. Kisha mwalimu aunganishe na masomo mengine. Katika hisabati, msafiri wa miguu akienda kilomita 20 kwa siku, atatumia siku ngapi kwa kilomita 1,250? Atatumia siku 62 na nusu. Gari likienda kilomita 30 kwa saa, litatumia karibu saa 42. Hapo ndipo mtoto atakapoona kwa nini upagazi ulikufa.

Saa ya stesheni inastahili kipindi chake. Ratiba ya reli huhesabu saa 24 kuanzia usiku wa manane, ilhali Kiswahili huhesabu kuanzia macheo na machweo. Ratiba ikiandika 14:00, tunapunguza sita, tunapata saa nane mchana. Ikiandika 20:00, tunapunguza sita, kisha kumi na mbili, tunapata saa mbili usiku. Ikiandika 05:00, tunaongeza sita, tunapata saa kumi na moja alfajiri. Wanafunzi wabuni ratiba yao na kuitafsiri.

Katika lugha, waalikwe wazee waliofanya kazi relini. Wanafunzi wafundishwe kwanza adabu ya kumhoji mzee: kumwamkia, kumweleza sababu, kumwomba ruhusa ya kuandika, kutomkatiza, na kumshukuru. Majina kama taruma, behewa na kenchi yaingizwe katika kamusi ndogo ya darasa.

SHULE ILIYO MBALI NA RELI

Mwalimu asiseme kwamba njia hii haimhusu kwa sababu kijijini kwake hakuna reli. Maswali matano hutumika kwa jengo lolote: zahanati ya zamani, ghala la pamba, msikiti, kanisa, nyumba ya chifu, au shule yenyewe. Katika shule nyingi kengele ni kipande cha reli kilichotundikwa mtini. Waulize wanafunzi: chuma hiki kilitoka wapi, kikafikaje hapa? Swali hilo pekee linatosha kuanzisha somo.

TAHADHARI MBILI

Ya kwanza inahusu hekaya. Majengo ya kale huvuta masimulizi. Mjini Kigoma husimuliwa kwamba iko njia ya chini ya ardhi kutoka stesheni hadi jumba lililojengwa na Wajerumani juu mlimani, ambalo yasemekana lilikusudiwa kumpokea Kaiser. Mwalimu asilikebehi simulizi la namna hii, wala asiliandike ubaoni kama tukio la kweli. Aliweke katika safu yake na kuuliza: nani aliiona njia hiyo? Alama zake zingekuwa wapi? Na kwa nini watu waliona kwamba watawala wale walihitaji njia ya kukimbilia? Hata simulizi lisilothibitishwa hutuambia jinsi watu walivyowafikiria watawala wao.

Ya pili inahusu sifa na lawama. Wako walimu wanaolisifu jengo la kikoloni kwa uzuri wake na kuishia hapo. Wako wengine wanaolidharau kwa kuwa ni la mkoloni, wasitake hata kulitazama. Wote wawili wanamnyima mtoto somo. Tao ni zuri, na kodi ilikuwa dhuluma. Mambo yote mawili ni kweli, na mtoto wa miaka kumi na miwili anaweza kuyashika yote mawili akifundishwa vizuri.

HITIMISHO

Kazi hii ina haraka yake. Mwaka 2024 treni za abiria zilianza kwenda katika reli mpya ya kiwango cha kimataifa kati ya Dar es Salaam, Morogoro na Dodoma, na reli hiyo imepangwa kufika Mwanza na Kigoma. Reli mpya ina stesheni zake mpya. Hilo ni jambo la kufurahia, lakini jengo likikosa kazi huanza kufa: kwanza huibwa milango, kisha hutoboka paa, kisha mvua humaliza yaliyobaki. Watakaoamua kama nyumba hizi zitatunzwa au zitabomolewa ni watu wazima wa miaka ijayo, nao leo wamekaa katika madawati ya shule za msingi. Hawatalinda jambo wasilolijua. Wakifundishwa kwamba lile ni jengo la Wajerumani, hawatakuwa na sababu ya kulijali. Wakifundishwa kutafuta alama ya nyundo ya fundi ambaye jina lake halikuandikwa, watajua kwamba ni jengo lao.

Maswali ya kujadiliana

1. Chagua jengo moja la kale lililo karibu na chuo au shule yako. Andika ushahidi mmoja kwa kila swali katika yale matano.

2. Sentensi "Wajerumani walijenga reli" ina upungufu gani? Iandike upya kwa lugha inayofaa darasa la nne.

3. Tayarisha andalio la somo la hisabati la dakika 40 litakalotumia saa na ratiba ya reli.

4. Mwanafunzi anadai kwamba babu yake aliiona njia ya chini ya ardhi. Utampokeaje darasani bila kumvunja moyo na bila kuacha njia ya ushahidi?